Asumini, Jina la Bibi Yangu

Binti wa kaka yangu alizaliwa usiku wa kuamkia Ijumaa, na kabla hajatimiza siku saba, ambapo kwa desturi yetu mtoto huchinjiwa akika, hunyolewa nywele na hutangaziwa watu jina lake, nyumba ilikuwa imekwisha kugawanyika kwa ajili ya neno moja. Kaka alitaka mwanawe aitwe Asumini, jina la bibi yetu mzaa baba, ambaye alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka minne nyuma. Mkewe aliridhia, ingawa alipendelea liandikwe Yasmin, kwa kuwa ndivyo wanavyoliandika wazazi wa rika lake. Mimi nilifurahi mno. Aliyekataa ni shangazi yetu mkubwa, binti wa Bibi mwenyewe, ambaye sote tulitarajia kwamba angekuwa wa kwanza kufuta machozi kwa upindo wa kanga yake. Alikuwa amempakata mtoto, naye alisema bila kuinua uso: "Mtoto huyu msimpe jina hilo, wanangu. Hilo lilikuwa jina la mjakazi."

Katika maisha yangu yote sikuwa nimelisikia neno hilo, yaani mtumwa wa kike, likitamkwa karibu na jina la Bibi. Kwangu Asumini lilikuwa ua kwanza, na ua hilo lilikuwa na mahali pake, saa yake na mikono yake, kwa hiyo sina budi kuanzia hapo kabla sijafika kwenye maneno ya Shangazi.

Nyumba ya Bibi ilikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa iliyokuwa hori iliyoutenga Mji Mkongwe na mitaa ya watu wa kawaida wa Unguja, na uani kwake, karibu na birika la maji, palikuwa na mwasumini uliokuwa umetandaa ukafunika pembe nzima ya ukuta. Baada ya sala ya alasiri alitutuma tukachume, nasi tulikuwa na amri moja tusiyoruhusiwa kuivunja, kwamba asumini lililokwisha kufunguka haliguswi, bali huchumwa vitumba tu, vile vyeupe vilivyojaa na kufumba, ambavyo bado havijatoa harufu yoyote. Tulivikusanya katika sinia, Bibi akavifunika kwa kitambaa kibichi, kisha akaendelea na kazi zake kana kwamba amevisahau. Magharibi ikiingia, kitambaa kikiondolewa, vilikuwa vimepasuka vyote kwa pamoja, na nyumba nzima ilikuwa imebadilika hewa. Hapo ndipo alipokaa mkekani na kuzitunga asumini kwenye uzi, moja moja, ili apate shada la kutia nyweleni, au kuzifunga pamoja na rehani, yale majani yanukiayo, na vipande vya mkadi ziwe kikuba cha kutia kifuani. Asubuhi zilikuwa zimegeuka rangi ya kahawia, na hakuna aliyezisikitikia, kwa maana mti ulikuwa umekwisha kuandaa nyingine.

Nimekuja kujifunza baadaye kwamba mmea huo haukuwa wetu kwa asili. Mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliuandika mwaka 1753 kwa jina la Nyctanthes sambac, akiuhesabu miongoni mwa maua ya usiku, na mwaka 1789 William Aiton wa Uingereza aliuhamishia katika jamii unayokaa hadi leo, Jasminum sambac, ndani ya ukoo mmoja na mzeituni. Asili yake ni Asia ya Kusini, na kwa vile bahari yetu imeunganishwa na Bara Hindi na pepo za kaskazi na kusi tangu karne nyingi, si ajabu kwamba ua lile lile linafungwa nyweleni Mumbai na Mombasa. Wafilipino wanaliita sampaguita, nao walilifanya kuwa ua la taifa lao mwaka 1934. Waindonesia wanaliita melati na kulisuka katika mapambo ya bibi harusi. Huku kwetu kulikuwa tayari na asumini ya mwituni, inayoitwa afu, na mti wake mwafu, lakini hiyo haikuwahi kuishika nafasi ya ile iliyotoka ng'ambo ya bahari.

Katika yote niliyojifunza kuhusu mmea huu, lililonikaa zaidi moyoni ni kwamba ile asumini ya bustanini, hasa yenye petali za tabaka nyingi, ni nadra mno kuzaa mbegu. Huenezwa kwa kukata kijiti kutoka mti wa mtu mwingine na kukichomeka ardhini. Kila mwasumini uliopo katika ua wa Unguja, Lamu au Tanga ni kipande cha mwasumini mwingine, nao ni kipande cha mwingine, na ukiweza kuufuata mnyororo huo nyuma, utapita mikono ya wanawake tu, jirani akimpa jirani na mama akimpa binti anayeolewa.

Jina nalo limesafiri kwa namna inayofanana na hiyo. Waajemi walisema yasaman, Waarabu wakalichukua wakasema yasamin au yasmin, nalo lilipofika katika ndimi za Waswahili likapoteza ile y ya mwanzo na kuongezewa irabu mahali ambapo konsonanti mbili zilikuwa zimebanana, hata likawa asumini. Wapo wanaosema yasmini, na kamusi zinalikubali umbo hilo. Lakini ninakiri kwamba nina upendeleo. Yasmin ni jina zuri ambalo unaweza kulikuta Tehran, Cairo au London, ilhali Asumini ni jina ambalo likitajwa popote duniani, anayelisikia na kuujua mwambao anatambua mara moja kwamba mwenye jina hilo ana bibi aliyemlea kwa Kiswahili. Ninahuzunika ninaposikia vijana wakiliita jina la kizee, kwa sababu umbo hilo limelainishwa na midomo ya watu wetu wenyewe kwa vizazi vingi, na si kila lugha inayobahatika kulifanya jina la kigeni kuwa lake kiasi hicho.

Asumini haiko peke yake. Wapo akina Waridi, ambao jina lao limetokana na ward la Kiarabu, na wapo akina Maua, ambao jina lao ni Kiswahili kitupu. Nimewahi kujiuliza kwa nini mtoto huitwa Maua kwa wingi na haitwi Ua, na nadhani ni kwa sababu neno hilo likiwa peke yake hubeba pia ua wa nyumba na amri ya kuua, jambo ambalo hakuna mzazi angependa limfuate mwanawe. Wapo akina Zahara, ambao wengi huwaambia watoto wao kwamba jina hilo maana yake ni ua, na kweli zahra la Kiarabu ni ua, lakini lakabu ya Bi Fatuma, binti wa Mtume, ambayo kwayo jina hilo limependwa na Waislamu, ni Az-Zahraa yenye irabu ndefu mwishoni, na maana yake ni mwenye kung'ara. Maneno hayo mawili yana mzizi mmoja, kwa hiyo anayemwita binti yake ua hajakosea mbali.

Rehani ndilo jina linalonishughulisha zaidi. Mmea wake umetajwa ndani ya Qur'ani, katika Surat Ar-Rahman aya ya 12, miongoni mwa neema za ardhi, na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume aliwaita wajukuu wake Hasan na Husein kuwa ni rehani zake mbili za dunia. Hakuna sifa kubwa kuliko hiyo kwa jina la mmea. Hata hivyo katika Kiswahili neno hilo limekutana na lingine lisilohusiana nalo kabisa, rehani ya kuweka dhamana, iliyotokana na rahn ya Kiarabu, na masikio ya Mswahili hayawezi kuyatenganisha. Anayeitwa Rehani ananukia, na papo hapo anasikika kama kitu kilichowekwa mikononi mwa mtu mwingine mpaka deni lilipwe. Nilipokuwa mdogo sikuona uzito wowote katika jambo hilo. Baada ya maneno ya Shangazi nililiona upya.

Kwa maana Shangazi hakuwa amebuni. Katika nchi za Kiislamu za zamani ilikuwa desturi, kuanzia Baghdad na Cairo hadi Istanbul na Unguja, kwamba anayemnunua mtu humbadilisha jina, na majina yaliyopendwa kwa watumwa yalikuwa yale ya manukato, vito na maua: Kafuri, Ambari, Yakuti, Marijani, Lulu, Yasmini. Mtawala wa Misri aliyefariki mwaka 968, ambaye alianza maisha yake kama mtumwa, anajulikana katika historia kwa jina la Abu al-Misk Kafur, yaani miski na kafuri kwa pamoja, nyeusi na nyeupe. Mwanamke aliyeitawala Misri kwa muda mfupi mwaka 1250, naye akiwa ametokea utumwani, aliitwa Shajar al-Durr, mti wa lulu. Majina hayo yalikuwa mazuri kwa sababu yalikuwa majina ya vitu vizuri vya kumilikiwa. Mtu huru aliitwa fulani bin fulani, akaunganishwa na babu zake. Aliyenunuliwa alipewa jina linaloanza na kuishia kwake mwenyewe, kama jina la chupa ya marashi.

Na kwetu hapa Unguja mfano upo katika jumba la kifalme lenyewe. Mama mzazi wa Sayyida Salme, yule binti aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Emily Ruete, alikuwa suria wa Sayyid Said, Sultani wa Unguja; alitekwa akiwa mtoto mdogo huko Circassia, katika milima ya Kaukazi, na jina lake lilikuwa Jilfidan. Ninalisoma jina hilo kama Gülfidan la Kituruki, ambalo maana yake ni mche wa waridi. Alikuwa mama wa binti wa mfalme, aliheshimiwa, naye alifariki kwa kipindupindu mwaka 1859, lakini jina analokumbukwa nalo si lile ambalo mama yake alimwita kabla ya kutekwa.

Majina mengine hayakupambwa hata kidogo. Msanii mkubwa kuliko wote wa taarabu ya Kiswahili alizaliwa Fumba mnamo 1880, akaitwa Mtumwa. Siti lilikuja baadaye, alipokwisha kuwa Siti binti Saad. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa kwa amri ya mwaka 1897, ingawa masuria hawakuingizwa katika ufutaji huo hadi mwaka 1909. Kati ya tarehe hizo na kizazi cha Bibi hapana umbali mkubwa. Ni hatua mbili tu, mama na mama wa mama.

Siku ya tatu baada ya mtoto kuzaliwa nilikwenda kwa Shangazi peke yangu. Nilimkuta akichambua mchele, nikakaa naye chini, nikaanza kuchambua upande wangu wa ungo, na kwa muda mrefu hatukusema kitu. Kisha aliniambia. Bibi alikuwa amepewa jina la bibi yake, mama wa mama yake, na huyo Asumini wa kwanza alikuwa ameletwa kutoka bara akiwa mtoto asiyejua hata kuhesabu siku za njiani. Jina aliloitwa kwao lilipotea; nyumba iliyomnunua ilimwita Asumini. Alipopata uhuru wake alikuwa mtu mzima mwenye watoto, na hakulibadilisha. Mama wa Bibi alilijua hilo, Bibi alilijua, na Shangazi aliambiwa akiwa mwari, kwa sauti ya chini, pamoja na onyo kwamba asilitoe nje ya nyumba.

Lakini maneno yalitoka kwa njia nyingine. Katika sherehe moja ya harusi, Shangazi akiwa bado msichana, mwanamke mmoja mwenye ugomvi na Bibi alisimama katikati ya wimbo, akapunga noti ya kutunza, akamwelekea Bibi na kusema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Asumini huchumwa, haichumi." Sisi wa visiwani tunajua fumbo la aina hiyo linavyokata. Bibi alikaa mpaka sherehe ikaisha, akala, akamshukuru mwenye harusi, akarudi nyumbani. Usiku huo hakutia ua nyweleni, na Shangazi ndiye aliyelitupa lile shada lililokuwa limetungwa jioni.

"Mnaona jina," aliniambia Shangazi. "Mimi naiona ile noti inavyopungwa."

Sikuwa na jibu, wala sikumjibu siku ile. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimekubaliana naye kabisa, nikiwaza kwamba mtoto wa leo hana sababu ya kubebeshwa jina ambalo mnunuzi alilichagua kwa kuwa lilimpendeza pua yake. Nilianza hata kufikiria majina mengine. Kilichonirudisha nyuma kilikuwa kumbukumbu ya eda ya Bibi.

Babu alipofariki, Bibi alikaa eda miezi minne na siku kumi kama sheria inavyotaka, na katika muda huo mwanamke hajipambi wala hajitii manukato ya aina yoyote, si udi, si marashi, si maua. Mwasumini wa uani haukuarifiwa kwamba kuna msiba. Uliendelea kuchanua kila jioni, nasi watoto hatukutumwa tukachume, na maua yalipasuka mtini yenyewe, yakadondoka juu ya sakafu ya saruji, yakafagiwa asubuhi. Nilimuuliza Bibi kama haoni uchungu kuyaacha yapotee. Aliniambia kwamba hayapotei, bali yanafanya kazi yake bila yeye. Eda ilipokwisha, jioni ile ile alituita na sinia, akachuma mwenyewe vitumba vya kwanza, na alipokuwa akitunga alituambia kwamba bibi yake ndiye aliyemfundisha kuzipanga ili vikonyo visionekane, kwamba mti ule ulitokana na kijiti cha mti wa bibi yake, na kwamba yeye mwenyewe alizaliwa jioni wakati bibi huyo yuko uani anachuma, ndipo mama yake akasema hapana haja ya kutafuta jina.

Hadithi hiyo niliisikia mara nyingi bila kujua kwamba nusu yake nyingine ilikuwa kwa Shangazi. Sasa nilikuwa nazo zote mbili, na nilipoziweka pamoja niliona jambo ambalo kila moja peke yake haikunionyesha. Asumini wa kwanza alipewa jina na mtu aliyemmiliki. Asumini wa pili alipewa jina na mama yake, mwanamke huru, ambaye angeweza kuchagua Fatuma, Aisha au Mwanahawa na kulifuta jambo lote lisijulikane milele. Watu wengi walifanya hivyo wakati ule, na siwalaumu hata kidogo. Yeye alichagua kulirudia lile lile, kwa sababu kwake halikuwa tena jina la bidhaa, lilikuwa jina la mama yake. Tangu siku hiyo yule mwanamke aliyeletwa kutoka bara, ambaye jina lake halikuwa limeunganishwa na la mtu yeyote, akawa na wajina wake, na wajina ni nasaba ambayo hakuna hati ya mauzo iliyoweza kuiandika.

Nilirudi kwa Shangazi siku ya tano, nikamwambia haya yote kwa upole kadiri nilivyoweza, kwa sababu uchungu wake ni wa kweli na mimi sikuwapo kwenye harusi ile. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza kama ile hadithi ya vikonyo nimeisikia kwa masikio yangu, nikamwambia ndiyo, na akaniuliza kama Bibi alimtaja bibi yake mbele ya watoto wote, nikamwambia ndiyo, wote tulikuwapo. Alinyamaza muda mrefu. Yeye alikuwa amelinda siri ile kwa zaidi ya miaka 50, naye hakujua kwamba mama yake, katika uzee wake, alikuwa ameanza kuifungua upande ule uliokuwa mzuri.

"Basi mwiteni," alisema. "Lakini kama ni yeye, awe yeye. Msije mkamwita Yasmin."

Siku ya saba mbuzi alichinjwa, nywele zilinyolewa na kupimwa, na thamani ya uzito wake kwa fedha ikatolewa sadaka. Jina lilitangazwa na Kaka, na wifi yangu, ambaye nilikuwa nimemweleza yote usiku uliotangulia, ndiye aliyemtamkia karani wa vyeti vya kuzaliwa herufi moja baada ya nyingine alipotaka kulisahihisha. Shangazi alikuja na kopo la maziwa lililojazwa udongo, ndani yake kimechomekwa kijiti alichokikata Ng'ambo, akakiweka kivulini kwenye baraza bila kusema ni cha nini.

Juzi usiku alinipigia simu kuniuliza habari za nyumbani, na kabla ya kuagana akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Asumini amekwisha lala?" Kwa pumzi moja nzima nilimtafuta Bibi chumbani kwake, ndipo nikakumbuka anamuulizia nani, nikamwambia amelala.